Chipu zangu za kukuzia mimea zimeungua: ninunue draiva gani, na nyaya nizipitishe vipi?

"Assalaam aleikum fundi. Naishi Mji wa Kale, Mombasa, na nina chumba cha ndani kisichopata jua. Nimetengenezesha rafu ya chuma ya ngazi mbili, kila ngazi futi nne kwa mbili, nioteshe letusi, rehani na vile vimea vichanga vya figili vinavyonunuliwa na mikahawa. Nilinunua chipu nne za LED zilizoandikwa wati 50, volti 30 hadi 36, miliampea 1500. Nikapata na boksi la umeme la volti 36, ampea 10. Nikaziunga zote kwenye boksi hilo, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ziliwaka vizuri sana. Haikufika nusu saa, moja ikatoa harufu ikazima, na siku ya pili nyingine mbili zikafuata. Muuza duka asema ampea 10 ni nyingi, ndizo zilizounguza. Rafiki yangu asema nitie rezista, kile kipande cha kuzuia mkondo. Mwingine asema niachane na draiva, kile kifaa cha kulisha chipu umeme, ninunue zile chipu zinazoungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba. Pia dada yangu akimwagilia maji huhisi umeme kidogo akishika rafu. Plagi yangu ni ya pini mbili. Ninunue draiva gani, niziunge kwa mfululizo au sambamba, na waya uwe wa ukubwa gani?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeuliza mengi kuhusu chipu, ukamtaja dada yako mwishoni kama jambo la kando. Mimi naanza na yeye, kwa sababu chipu zikiungua umepoteza pesa tu. Kabla hujaendelea kusoma, chomoa plagi hiyo, na isirudi ukutani mpaka tulimalize hili.

Boksi ulilonalo ni la kasha la chuma lenye matundu, na limetengenezwa litumike na nyaya tatu: wa moto, wa nyutro na wa ardhi. Ndani yake mna kapasita ndogo, vipande vya kuhifadhi chaji ya umeme, zinazounganisha nyaya za umeme wa nyumba na kasha lenyewe, ili kumeza kelele za umeme. Waya wa ardhi ukiwepo, mkondo mdogo unaopita kwenye kapasita hizo huenda zake ardhini na hakuna anayeujua. Ukitumia pini mbili, mkondo huo hauna pa kwenda, na kasha hubaki likielea kwenye takriban nusu ya volti za nyumba, yaani kama volti 120. Rafu yako ni ya chuma na boksi limefungwa juu yake, kwa hivyo rafu nzima imo katika hali hiyo hiyo. Mtu mwenye mikono mikavu na viatu vya mpira hasikii kitu. Aliyelowa maji na kusimama peku sakafuni husikia mtekenyo.

Mtekenyo wenyewe mara nyingi hauzidi miliampea moja, na mkondo wa kiasi hicho haumdhuru mtu mzima mwenye afya. Ubaya ni kwamba mtu huuzoea. Siku kizuizi cha ndani ya boksi kitakapovunjika, au waya wa moto utakapochubuka na kugusa chuma, rafu itakuwa na volti 240 zenye mkondo wa kutosha kuua, na hakuna breka itakayoanguka, kwa sababu hakuna waya wa ardhi wa kuiangusha. Kwa hiyo plagi ni ya pini tatu, kebo ni ya nyaya tatu, kasha lolote la chuma linaungwa na waya wa ardhi, na rafu yenyewe inaungwa nao pia kwa skrubu na kichwa cha waya kilichobanwa vizuri, baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae.

Tahadhari moja ya mtaa wako: tundu la tatu kwenye soketi si ushahidi kwamba nyuma yake mna waya wa ardhi. Nyumba nyingi za zamani zimeungwa umeme kwa vipande, fundi huyu leo na yule kesho, na fimbo ya ardhi ikiwepo inaweza kuwa imeliwa na kutu ya chumvi. Hilo halionekani kwa macho. Linapimwa, na nitalirudia huko mbele.

Sasa tuje kwenye chipu. Muuza duka wako amekosea, ingawa si kabisa. Ampea 10 zilizoandikwa kwenye boksi ni kiwango cha juu linachoweza kutoa, na halimlazimishi yeyote kuzichukua zote, kama vile kisima kikubwa kisivyomlazimisha mtu kunywa. Pasi, feni na taa ya kawaida huchukua kiasi chake zikatulia. Tatizo ni kwamba LED ni mnywaji asiyejua kuacha.

LED ni diodi, na diodi haina ukinzani uliotulia kama waya wa pasi. Chini ya volteji fulani haipitishi kitu cha maana. Ikivuka hapo, volteji ikiongezeka kidogo tu mkondo unaruka sana. Chipu yako ya wati 50 kwa kawaida ni diodi kumi zilizofuatana, na safu kama hizo tano zimepangwa ubavu kwa ubavu. Ikiwa baridi huenda inahitaji kama volti 32 au 33 kupitisha miliampea 1500. Wewe uliipa 36. Maandishi ya "volti 30 hadi 36" yaliyokudanganya hayana maana kwamba volteji yoyote kati ya hizo ni sawa. Yanasema kwamba ukiipitishia mkondo wake, volteji utakayoipima itaangukia mahali fulani humo, kutegemea chipu na joto lake.

Na joto ndilo lililomaliza kazi. Kila diodi, joto lake likipanda digrii moja, hupunguza volteji inayoihitaji kwa milivolti 2 au 3 hivi. Diodi kumi zikipata joto la digrii 50 zaidi, chipu nzima inahitaji pungufu ya volti moja hadi moja na nusu. Boksi lako halijui hayo, linaendelea kushikilia 36. Mkondo unapanda, joto linapanda, volteji inayohitajika inashuka, mkondo unapanda tena. Ile ya kwanza kuungua ndiyo iliyokuwa na joto kuliko wenzake. Kwa hivyo hata ungenunua boksi la ampea 6 badala ya 10, ungeunguza vile vile, pengine kwa kuchelewa kidogo.

Unachohitaji ni draiva ya mkondo thabiti. Boksi lako hushikilia volteji likauachia mkondo uende utakako. Draiva hii hufanya kinyume: hushikilia mkondo, volteji ikatua yenyewe pale chipu inapotaka. Chipu ikipata joto na kutaka volti 31 badala ya 32, draiva inashuka nayo na mkondo haubadiliki. Utaitambua kwa maandishi ya upande wa kutolea umeme: namba ya mkondo ni moja, na volteji ni masafa, mfano "900mA, 24–38V". Ukiona volteji ni namba moja na mkondo umeandikwa kwa kiwango cha juu, mfano "36V, 10A", hilo ni boksi la aina uliyonayo.

Rezista ya rafiki yako si wazo la kipumbavu. Ndiyo inayolinda zile tepu za LED za volti 12, kila diodi tatu na rezista yake. Lakini kwa chipu ya wati 50 utahitaji volteji ya ziada ya kuitupa. Ukitupa volti 4 kwa ampea moja na nusu, umechoma wati 6 bure kwa kila chipu, katika chumba cha Mombasa mwezi wa tatu. Tena boksi lako la volti 36 halina hizo volti za kutupa.

Chipu za kuungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba sizipendi mahali penye maji, na hapa sitapima upande wa pili. Kinachoitwa "bila draiva" ni draiva ndogo iliyobandikwa juu ya sahani ile ile ya alumini, na haina transfoma ya kuitenga na umeme wa nyumba. Kati ya volti 240 na alumini unayoifungia skrubu pana utando mwembamba tu. Kwenye taa ya nje iliyofungwa kwa kioo na yenye waya wa ardhi, sawa. Juu ya trei za maji ambazo dada yako anazishika kila asubuhi, hapana.

Ununue draiva gani basi? Chipu yako inavumilia miliampea 1500, lakini hakuna sheria inayosema uipe zote. Ukiipa 900 unapata kama wati 28 badala ya 50, mwanga haupungui kwa kiasi kile kile kilichopungua umeme, kwa sababu LED isiyokamuliwa hufanya kazi kwa ufanisi zaidi, na joto la kuondoa linashuka karibu nusu. Draiva za wati 30, miliampea 900 ni za kawaida kwenye taa za floodi, kwa hivyo si kitu cha kuagiza ng'ambo. Ukitaka kitu cha kuaminika zaidi, tafuta draiva za kampuni ya Mean Well za aina ya LPC. LPC-35-700 hutoa miliampea 700 kati ya volti 9 na 48, iko ndani ya kasha la plastiki lililozibwa, na chipu yako inaingia humo bila tabu. Inagharimu zaidi. Kwa hewa ya pwani ningeichukua hiyo.

Usinunue kwa wati peke yake. "Draiva ya wati 50" haikuambii lolote mpaka ujue mkondo wake na masafa yake ya volteji, na volteji ya chipu iangukie ndani ya masafa, isiwe ukingoni. Draiva ya volti 9 hadi 30, kwa mfano, haitaiwasha chipu yako sawasawa hata kama wati zinatosha. Itamemeteka tu.

Jambo jingine la kuulizia ni kama draiva imetengwa na umeme wa nyumba. Zipo za bei rahisi ambazo upande wa kutolea umeungana na waya wa nyumba kupitia diodi tu, na ukigusa hasi ya LED ni kama umegusa umeme wa ukutani. Draiva iliyotengwa vizuri huandikwa SELV, yaani volteji ya chini ya usalama iliyotengwa na umeme wa nyumba. Ukiwa na multimita unaweza kujihakikishia: draiva ikiwa haijachomekwa popote, weka mita kwenye alama ya diodi, ncha moja kwenye waya wa kuingilia na nyingine kwenye waya wa kutolea, ujaribu kila jozi na kila upande. Mita ikikaa kwenye namba kama 0.5, irudishe dukani. Isipoonyesha kitu si cheti cha usalama, lakini umeondoa zile mbaya kabisa.

Mfululizo au sambamba? Kwako wewe, si huu wala ule. Kila chipu na draiva yake.

Ukiziunga nne kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, mkondo ni mmoja kwa zote na hakuna inayompora mwenzake, ndiyo maana wengi hupendekeza hivyo. Lakini volteji zinajumlishwa: nne mara 32 ni volti 128 za DC, na volti 60 ndizo ambazo kanuni nyingi za vifaa huzihesabu kuwa mpaka wa usalama mahali pakavu. Chumba chako si pakavu. Hata chipu mbili tu zinakuvusha 60. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwenye draiva moja ya miliampea 3600, mkondo haugawanyiki sawa, yenye joto inachukua zaidi. Ikifa, tatu zilizobaki zinagawana 3600 ile ile, kila moja 1200. Ikifa ya pili, 1800, na hapo umevuka kiwango. Ya mwisho inabeba yote peke yake. Draiva nne ndogo zina waya mwingi zaidi na zinagharimu kidogo zaidi, lakini moja ikifa una tatu zinazowaka, na hakuna volteji ya kutisha popote baada ya draiva. Yule mwenye mbao kubwa za LED, zenye mamia ya diodi ndogo zilizolinganishwa kiwandani, hesabu yake ni nyingine, na mtengenezaji humwambia kama mbao mbili zaweza kuungwa sambamba.

Ukishaziunga, kuna kosa moja linaloua chipu nyingi mpya: kuunganisha au kuchomoa chipu huku draiva ina umeme. Draiva ya mkondo thabiti isipopata chipu hupandisha volteji mpaka mwisho wake, na kapasita zake zinajaa. Ukiigusisha chipu wakati huo inapokea mshindo mmoja wa mkondo, na huenda ikafa papo hapo au ikafa wiki ijayo ukailaumu kampuni. Unga kila kitu kwanza, kaza, ndipo uchomeke plagi. Wakati wa kuzima vivyo hivyo: zima ukutani, ngoja dakika moja, ndipo uguse waya.

Ukubwa wa waya ni swali rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya draiva na chipu unapita chini ya ampea moja, hivyo waya wa milimita za mraba 0.75 unatosha na kubaki, na draiva yenyewe hufidia volteji inayopotea njiani. Wenye tepu za volti 12 ndio wanaoteseka. Ampea 5 zikienda mita 5 kwa waya huo huo na kurudi, hupotea zaidi ya volti moja, na mwisho wa tepu unafifia. Upande wa ukutani, kebo laini ya nyaya tatu ya milimita 1 au 1.5, na ndani ya plagi weka fyuzi ya ampea 3. Mzigo wako wote ni kama nusu ampea, na fyuzi ya 13 inayokuja na plagi ni kubwa mno kwa mzigo huo. Kahawia ni wa moto, buluu ni nyutro, kijani na manjano ni wa ardhi. Kwenye nyumba za zamani utakuta nyekundu na nyeusi. Hapo usibahatishe.

Ninapokaza sana ni kwenye viungo, kwa sababu huku pwani ndiko taa hufia. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi, na wewe unaongeza mvuke wa trei. Waya uliosokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi utageuka kijani ndani ya miezi, ukinzani unapanda, kiungo kinapata joto, gundi ya tepu inayeyuka, na siku moja unasikia harufu. Tumia viunganishi vya kubana, ndani ya boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia maji, nyaya ziingie kwa chini kupitia glendi, ile pete ya kubana waya isipitishe maji. Kila waya uuache uning'inie kidogo kabla ya kuingia, ili tone la maji lidondoke hapo badala ya kuufuata mpaka ndani. Kama unaweza, nunua waya wa shaba iliyopakwa bati, ule wanaoutumia mafundi wa boti. Na ukinunua waya wa kawaida, kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyekundu juu na nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa chumvi yetu haifai. Draiva zenyewe zifunge ukutani, juu kuliko trei na mbali na joto la chipu. Kapasita za ndani ya draiva, kila digrii 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake karibu nusu, kwa hivyo usizirundike zote nne ndani ya boksi moja lililozibwa.

Hukuniambia chipu ulizifungia kwenye nini, na kimya hicho kinanitia wasiwasi. Chipu ya wati 28 hutoa kama wati 20 za joto. Tukisema chumba chako kina digrii 32 na hatutaki alumini ivuke 60, bapa tupu la alumini la sentimita 20 kwa 20, nene milimita 3, lenye hewa pande zote mbili, huenda lisitoshe. Chukua 25 kwa 25, au hitisinki, kile kipande cha alumini cha kupoza, yenye mapezi. Fundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki mazuri kwa bei ya chuma chakavu. Paka krimu ya kupitishia joto, nyembamba kama unapaka siagi ya mwisho kwenye kopo, ukaze skrubu nne kwa zamu za kupishana ili chipu isipasuke. Baada ya saa moja ya kuwaka, zima, chomoa plagi, kisha weka kidole kwenye alumini karibu na chipu. Ukishindwa kukiacha sekunde tano, bapa ni dogo.

Sasa niulize jambo ambalo wauzaji hawataki uulizwe: unazihitaji taa hizi kweli? Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na jua la adhuhuri hufika laksi laki moja. Kama una haki ya kutumia dari la nyumba, neti ya kivuli ya asilimia 50 itakuzia letusi na rehani bila tokeni hata moja. Chumba cha ndani kina faida yake, hakuna upepo wa chumvi, kunguru wala jua la kuunguza majani, lakini usiingie gharama hii kwa sababu tu umeona picha za vyumba vya rangi ya zambarau.

Ukiamua kuendelea, anza hesabu kutoka kwa mmea. Wakulima wa ndani hupima mwanga kwa maikromoli, yaani wingi wa chembe za mwanga zinazoangukia mita ya mraba kwa sekunde. Letusi hutosheka na kama 200 hadi 250 kwa saa 14. Ngazi yako moja ni mita za mraba 0.74, kwa hivyo unahitaji kama maikromoli 150 kwa sekunde ziwafikie mimea. LED nzuri hutoa 2 au zaidi kwa kila wati, na sehemu kama ya tano humwagika pembeni, hivyo unakaribia wati 90. Chipu zako ni za bei rahisi, tuzihesabie ufanisi mdogo zaidi. Ndiyo kusema zote nne, kwa wati 28 kila moja, zikae kwenye ngazi moja. Usizigawe mbili mbili, utapata ngazi mbili za letusi ndefu na dhaifu.

Ngazi ya pili iachie figili, na huko usitumie chipu hata kidogo. Vimea vya kuvunwa baada ya wiki moja au mbili havina haja ya mwanga mkali, kwani chakula chao kingi kimo kwenye mbegu. Nunua tyubu nne nyeupe za LED za futi nne, wati 18 kila moja, zenye kasha zake tayari. Zitakupa kitu kama maikromoli mia moja na ushei, na kwa saa 16 inatosha. Hakuna draiva ya kuchagua wala hitisinki ya kukata, ila kebo yenye waya wa ardhi na fyuzi yake. Kwa kweli kama biashara yako itakuwa figili zaidi kuliko letusi, weka tyubu ngazi zote mbili na usahau chipu.

Ukitaka kujua umefika wapi, simu yenye programu ya kupima mwanga inasaidia, mradi taa ni nyeupe: gawanya laksi kwa 70 hivi, utapata maikromoli kwa makadirio. Laksi 14,000 ni kama 200. Chini ya taa ya zambarau hesabu hiyo haifanyi kazi.

Gharama ya umeme ipigie hesabu kabla. Draiva nne pamoja na upotevu wake ni kama wati 130, tyubu 72. Wati 130 kwa saa 14 ni uniti 1.8 kwa siku, na 72 kwa saa 16 ni uniti 1.15, jumla karibu uniti 90 kwa mwezi. Zidisha kwa bei unayopata ukinunua tokeni, ukikumbuka kwamba uniti za Kenya Power hupanda bei matumizi ya nyumba yakivuka 30 kwa mwezi, na tena yakivuka 100. Uniti 90 za mimea juu ya friji na feni zitakupandisha daraja, na bei mpya itahusu friji pia. Ulinganishe na bei ambayo mikahawa inakulipa kwa trei. Ukiona hesabu haitoki, ni heri uijue sasa.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, tumia ile gadi ya friji inayochelewesha kuwasha. Na taimu iwe ya kidijitali yenye betri, kwa sababu ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukienda, na baada ya wiki mimea yako itakuwa inaamka usiku wa manane.

Kazi ambayo usiifanye mwenyewe ni ile ya ukutani. Muite fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati ya Kenya, umuombe alete mita ya kupima ardhi, apime soketi ya chumba hicho, na akuwekee breka ya RCD ya miliampea 30 kwenye laini yake. Hiyo hukata mkondo unaovuja kupitia mwili wa mtu kabla haujamdhuru. Ina kitufe cha T, ukibonyeze kila mwezi uone inaanguka. Fundi akikuambia ardhi haina haja kwa sababu taa ni ndogo, mshukuru na utafute mwingine. Muite pia kama soketi ina joto, kama breka inaanguka bila sababu, au kama mtekenyo unaendelea hata baada ya kubadilisha plagi. Na dada yako, kama amewahi kupigwa zaidi ya mtekenyo, akazimia, akasikia moyo unaenda mbio, akaungua ngozi, au kama ana mimba, aende hospitali akachunguzwe hata kama sasa ajisikia mzima.

Chipu yako iliyosalimika usiitupe wala usiiamini. Iunge kwenye draiva mpya ukiwa umeibana kwenye alumini, uiwashe dakika moja, uitazame kupitia kioo cheusi cha kuchomelea. Ukiona safu nzima imezima au nukta zimekuwa nyeusi, mkondo wote sasa unapita kwenye safu zilizobaki, na hizo nazo zitafuata. Ikiwa safu zote zinang'aa sawa, nunua tatu za aina hiyo hiyo uendelee. Lile boksi la volti 36 likishapata waya wa ardhi ni boksi zima, mtafutie mtu mwenye mota au ampu ya volti hizo umuuzie. Kwako halina kazi.